Ekseli ya nyuma ya mtumba: uzoefu wangu wa kukagua, kununua na kufunga

Ekseli niliyonunua ina kutu ya juu juu, tope lililoshikana na oili kuukuu, na rangi yake ya kiwandani haionekani tena. Naipa alama za juu. Iliyolala pembeni yake ilikuwa imeoshwa na kupakwa rangi nyeusi inayong'aa, na hiyo niliiacha palepale.

Pikapu yangu ni ya zamani, ekseli yake ya nyuma ni ile nzima, difu (boksi la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu mawili) katikati na springi za bapa huku na huku. Difu ilikuwa imeanza kulia, kwanza ukikanyaga mafuta, baadaye hata ukiachia. Kupanga upya krauni na pinioni, yaani gia kubwa na gia ndogo inayoizungusha ndani ya difu, kunataka fundi mwenye vipimo, na spea mpya za gari la umri huu ni za kutafuta kwa tochi, kwa hiyo nikaamua kuchukua ekseli kamili iliyotoka kwenye gari lililokatwa.

Kabla ya kwenda nilipima ya kwangu: upana kutoka flanji (sahani ya chuma ya kufungia) ya gurudumu moja hadi nyingine, umbali kati ya viti vya springi, matundu ya flanji ya propela (shafti ndefu inayotoka kwenye gia boksi), idadi ya stadi (skrubu za gurudumu) na mduara wake, ukubwa wa drami za breki, na mahali kebo ya hendibreki inaposhika. Usiseme "modeli ni ileile" ukaishia hapo. Kampuni hubadilisha upana au stadi katikati ya uhai wa modeli moja, na ekseli nzima kabisa isiyoingia kwenye gari lako haikusaidii chochote.

Halafu kuna rasho, yaani propela inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa magurudumu, na hapa ndipo wengi hupita haraka. Krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 10 inakupa 4.1; meno 43 kwa 11 inakupa takriban 3.9. Huna haja ya kufungua difu kujua. Kwa difu ya kawaida isiyo na loki, zuia gurudumu moja lisizunguke, piga alama ya chaki kwenye jingine na kwenye flanji ya propela, kisha zungusha gurudumu hilo mizunguko miwili kamili huku ukihesabu mizunguko ya flanji. Ikizunguka mara nne na kidogo, unajua uko wapi. Kwenye Toyota nyingi kibati cha gari kina msimbo wa ekseli unaotaja rasho, kwa hiyo kama gari lililokatwa bado lina kibati chake, kisome. Rasho ikibadilika, spidomita inayochukua mwendo kutoka kwenye gia boksi itasoma uongo, na kwa gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne ni hatari zaidi, kwani difu ya mbele na ya nyuma zisipolingana zitavutana kwenye barabara ngumu mpaka kitu kivunjike.

"Hizi zote moja tu, kaka," muuzaji aliniambia. Kwa rasho alikuwa sahihi.

Tofauti niliipata nilipoishika flanji ya pinioni, ileile inayofungwa propela. Ukaguzi wenyewe hauhitaji chombo: ishike kwa mikono miwili, isukume juu na chini, kulia na kushoto, kisha ivute na kuisukuma kama unayetaka kuing'oa. Isisogee hata kidogo. Ile ya rangi nyeusi ilitoa mgongano mdogo wa chuma, ukiusikia zaidi kwenye vidole kuliko masikioni. Maana yake beringi za pinioni zimelegea, na beringi zikilegea meno hayakutani tena pale yalipozoeana. Muuzaji alijitolea kukaza nati. Nikamwomba aiache. Kwenye difu nyingi, kwenye shafti ya pinioni, kati ya beringi zake, kuna bushi laini inayojikunja mara moja tu wakati wa kufungwa. Ukikaza nati kiholela unaibana kupita kiasi, beringi zinapata moto, na mlio uliofichwa leo unarudi na gharama yake.

Kuzungusha flanji mbele na nyuma ni jambo jingine. Hapo lazima kuwe na plei kidogo, yaani nafasi ya meno kucheza. Kati ya krauni na pinioni, kwenye magari mengi madogo, huwa karibu 0.1 hadi 0.2 mm, na kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho. Unachokisikia mkononi kitazidi hapo, kwa sababu kinajumlisha gia ndogo za ndani na meno ya hafu shafti (shafti fupi zinazokwenda kwenye magurudumu). Nilichotafuta ni mkono kugota laini, bila pengo refu.

Kisha oili. Kwenye ile ya kutu nilifungua kizibo cha kujazia, nikachovya kidole, nikakinusa. Ilikuwa nyeusi lakini yenye harufu yake ya kawaida ya gia. Harufu ya kuungua ni ishara mbaya, na rangi ya maziwa inasema maji yameingia. Tulipoimwaga, sumaku ya kizibo cha chini ilitoka na matope laini ya kijivu ambayo nikiyasugua kati ya vidole hayakwaruzi. Hayo ni ya umri. Vipande vinavyochoma kidole ni vya meno au beringi, na ningeviona ningeondoka.

Mirija ya ekseli niliikwangua kwa bisibisi upande wa chini na kuzunguka viti vya springi, maana kutu hula huko kwanza. Kwenye ile nyeusi, chini ya rangi, nilikuta weldi mpya pembeni mwa kiti cha springi. Huenda aliyeiunga ni fundi hodari, lakini joto la weldi linaweza kuupinda mrija, na rangi hiyohiyo ilikuwa imefunika sehemu ambapo sili ikivuja ungeona.

Kujua kama ekseli imepinda, toa drami zote mbili, pima kati ya flanji na flanji upande wa mbele, kisha upande wa nyuma, kisha juu na chini. Namba zilingane. Baadaye zungusha kila hafu shafti huku umeshikilia msumari karibu kabisa na ukingo wa flanji. Pengo likipanuka na kubana, flanji au shafti imepinda. Puliza pia kipumulio, kile kitundu cha kutolea hewa juu ya mrija. Kikiziba, joto linajenga shinikizo ndani na oili inatafuta njia kupitia sili, ukabaki ukilaumu sili mpya.

Huduma naisifu kwa jambo moja: aliniacha nifungue kila nilichotaka, akaandika kwenye risiti kwamba ikilia naruhusiwa kuirudisha. Nisichokipenda ni namna walivyoitoa garini. Bomba la breki na kebo ya hendibreki vilikatwa kwa grainda badala ya kufunguliwa, ikabidi nitengeneze bomba jipya.

Wakati wa kufunga nilibadilisha sili zote tatu, gasketi, bitana za breki na silinda za magurudumu bila kuuliza kama za zamani zilifaa. Nikajaza oili ya gia ya daraja la GL-5, inayotakiwa na difu nyingi za aina hii, hadi usawa wa tundu la kujazia. Mpaka sasa difu imenyamaza, gari likiwa na mzigo na likiwa tupu, ukikanyaga na ukiachia. Sili ni kavu. Hendibreki bado inashika kulia zaidi kuliko kushoto, na nasubiri kebo ya kulingana na drami hizi.