TAHADHARI: Muuza "dawa ya kulainisha mishipa" ya wazee, Mtwara mjini

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, huyu mtu bado anazunguka na mkoba wake, na malipo ya korosho ndiyo haya yanatoka. Naandika mikono inanitetemeka kwa hasira.

Mama yangu ni mzee, anaumwa presha na anatumia vidonge vya hospitali. Basi muuzaji huyo akaletwa nyumbani na mwenzetu wa kikoba. Koti jeupe, kile cha kusikilizia moyo kinaning'inia shingoni. Akamwamkia mama kwa adabu, akakaa mkekani, akampima presha: 176 kwa 72. Halafu akatoa vipande viwili vya mpira wa maji. Kipya akakikunja mpaka ncha zikagusana. Cha pili kilichopigwa jua miaka, kukikunja tu, pa! kikapasuka, vumbi jeusi likabaki vidoleni. "Mama, mishipa yako ndiyo hii." Nani asingeamini? Na hapo hakudanganya. Umri ukienda mishipa mikubwa inakakamaa, namba ya juu inapanda, ya chini inabaki au inashuka. Daktari alishatuambia hivyo hivyo.

Uongo ulikuja baadaye: eti chupa yake inarudisha mishipa ya ujana, na amlodipini, kile kidonge cha presha cha hospitali, ndiyo inayoikausha, mama aiache mara moja. Sh 90,000! Hela ya korosho ya mama, nikamhesabia mkononi mbele ya wanangu.

Mama akaacha vidonge. Kichwa kikaanza kumgonga, macho yakaingia giza, usiku wa manane tukakodi bajaji kumkimbiza hospitali ya Ligula. Namba ya juu imepita 200. Daktari akasema hakuna dawa inayofanya mshipa wa mzee uwe wa kijana. Zilizopo zinashusha presha ili moyo, figo na ubongo visiumie, na hazikatizwi bila daktari.

Mtu anayemwachisha mzee dawa kwa ajili ya hela ni muuaji. Akamatwe, avuliwe lile koti hadharani, afungwe!

Chupa yenyewe ina karatasi iliyobandikwa kwa gundi, haina namba ya usajili wala tarehe ya kuisha. Risiti hatoi. Simu sasa haipatikani.

Mwenye mzazi anayekunywa hicho kitu ampeleke hospitali leo leo akapimwe. Na atakayemwona awaite polisi au TMDA, mamlaka ya dawa, asimwache aondoke. Chupa ninayo, ushahidi nitatoa mimi.