Uzoefu wangu: foleni za Spring Integration kwenye mizani ya mahindi Kibaigwa

Kwa msimu mzima wa mahindi nimeitumia Spring Integration, maktaba ya kupitisha ujumbe kati ya sehemu za programu, katika programu ya Java inayopokea uzito wa magunia kutoka kwenye mizani ya ghala moja la Kibaigwa, wilayani Kongwa, na kumtumia mkulima ujumbe wa simu wenye kilo zake na malipo yake. Ninaipendekeza kwa dhati, ila mpangilio wake wa awali usiuache ulivyo.

Mwanzoni nilitumia DirectChannel, njia ya ujumbe ambayo humfikishia mpokeaji ujumbe kwa uzi (mkondo wa utekelezaji wa programu) uleule wa mtumaji, hivyo mtumaji hasogei mpaka mpokeaji amalize. Mtandao wa simu ulipozubaa, skrini ya karani wa mizani nayo iliganda, malori yakasongamana getini na wapakiaji wakabaki wameketi juu ya magunia. Nikahamia QueueChannel: karani anauacha ujumbe kwenye foleni na kuendelea na gunia linalofuata, kisha pola, ambayo huichungulia foleni kwa vipindi, inauchukua kwa wakati wake. Niliipangia ichungulie kila baada ya nusu sekunde na kuchukua ujumbe usiozidi 20 kwa zamu. Nafuu ilionekana siku ileile.

Kilichoniuma kilitokea jioni moja umeme ulipokatika. QueueChannel isiyopangiwa kitu huweka ujumbe kwenye kumbukumbu ya programu tu, na ukomo wake wa idadi ya ujumbe ni 2147483647, yaani haina ukomo wa maana. Seva ilipozimika, vyote vilivyokuwa kwenye foleni vilipotea, na asubuhi wakulima walikuja kuulizia kilo zao, ikatubidi tupitie daftari la karani mstari kwa mstari. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa maelezo ya Spring yanalitaja jambo hilo waziwazi.

Sasa foleni inakaa ndani ya hifadhidata ya PostgreSQL kupitia JdbcChannelMessageStore, sehemu ya Spring Integration inayohifadhi ujumbe kwenye hifadhidata, katika jedwali la INT_CHANNEL_MESSAGE, na pola inafanya kazi ndani ya muamala (hatua zinazokamilika zote au kutenguliwa zote), kwa hiyo ujumbe haufutwi mpaka kazi yake ikamilike. Ujue tu kwamba kazi ikishindikana ujumbe hurudi foleni na kuchukuliwa upya. Namba moja ya simu iliyopungua tarakimu ilizunguka hivyo usiku kucha, mpaka nilipoanza kukagua namba kabla hazijaingia. Ukomo wa foleni nimeuweka ujumbe 500, na kwa sababu foleni ikijaa mtumaji husubiri bila mwisho asipopangiwa muda, nimempa sekunde 2, baada ya hapo karani anaona onyo. Nyuzi pia niliziongeza, maana pola ikikuta foleni tupu huushikilia uzi kwa sekunde 1 ikisubiri, na foleni zikiwa nyingi zinanyimana zamu.

Juzi umeme ulikatika tena saa kumi na moja jioni, magunia yakiwa bado yanapimwa. Seva ilipowaka, ujumbe wote uliokuwa ukisubiri ulitoka wenyewe, uliotangulia kuingia ukitangulia kutoka.