Kujitolea kutengeneza njia za hifadhi: nyota nne, ya tano nimeibania makusudi

Naona watu wengi wanauliza kama hii programu ya kujitolea kukarabati njia hifadhini inafaa au ni ya kupotezea Jumamosi, basi ngoja niseme yangu maana nimeshaenda mara kadhaa, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, na kusema ukweli hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Naipa nyota nne. Ile ya tano nimeibania na sababu ninayo.

Kwanza mjue mnachoenda kufanya. Kama unadhani ni kuokota chupa za plastiki na kupiga picha na tisheti mpya, hiyo ipo siku nyingine na wala haina ubaya. Huku ni sururu, chepe, reki na udongo, na jioni kiuno kitakukumbusha. Kiongozi wa timu tuliyopangiwa alikuwa mama mmoja wa makamo, sauti yake haipandi lakini kila mtu anamsikia, na hakuanza na hotuba. Alitusimamisha kwenye kipande cha njia kilichochimbika katikati kama mtumbwi akauliza tu, haya niambieni, maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi? Watu wakaanza kuangalia miti, wengine wanaangalia mawe, mmoja anaangalia simu, mpaka kijana mmoja wa nyuma akasema mama, mi naona yanaingilia pale juu ila sioni yanapotokea. Akamwambia ndo hivyo mwanangu, hayana pa kutokea, leo tunayatafutia mlango.

Hapo ndo niliipenda hii programu jamani, kwa sababu nyingi za aina hii zinakupa jembe na kukuambia sawazisha hapa, unasawazisha, mvua moja tu kazi yako yote imeenda na maji. Hawa wanaanza na maji yenyewe. Miguu yetu inashindilia udongo, udongo ulioshindiliwa haunywi maji tena, njia inakuwa chini kidogo kuliko pembeni, basi mvua ikishuka maji nayo yanaona hapo ndo barabara yao, badala ya kuivuka njia yanakimbia nayo na kubeba udongo, shimo linazidi, panakuwa tope, sisi tunakwepa tope tunapita pembeni, majani ya pembeni yanakufa, na njia ya mtu mmoja inageuka uwanja. Ukiona mahali njia imegawanyika mara tatu nne halafu mbele zinakutana tena, ujue chanzo ni dimbwi moja tu ambalo hamna aliyelishughulikia. Ndo maana wanakuambia ukikuta tope katikati ya njia pita humohumo, buti zinaoshwa.

Sasa dawa yake. Njia yoyote inayopita ubavuni mwa mlima ina upande wa juu na upande wa chini, na baada ya muda ule upande wa chini unajijengea kituta kidogo cha udongo na majani makavu. Hukioni mpaka uoneshwe, lakini ukishaoneshwa utakiona kila unapopita maisha yako yote. Kituta hicho ndo kinayafungia maji ndani ya njia. Kazi ni kukiondoa, kisha unainamisha uso wa njia kidogo kuelekea bondeni, asilimia 5 hivi, yaani kila mita moja inashuka sentimita 5, mtu akitembea hasikii kitu ila maji yanasikia. Na ukitaka kujua kama njia imepangwa vizuri toka mwanzo kuna kanuni mafundi wa njia wanaitumia sana, wanaiita kanuni ya nusu, mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe, na kwa wastani wa njia nzima usivuke asilimia 10. Mlima una mteremko wa asilimia 16, basi njia iishie 8. Ukizidisha, maji yanaacha kuvuka yanaamua kushuka na njia, na hapo utakarabati mpaka uzeeke.

Asubuhi nzima timu yetu ilikaa kwenye kipande kifupi tu cha njia, tukitengeneza kile wanachokiita bonde la kutolea maji. Yaani njia inashuka, inapanda kidogo, halafu inaendelea kushuka, na hapo inapopanda maji hayana ujanja lazima yatoke kwa pembeni. Nikauliza kwanini tusilaze tu gogo la kukinga njia kama nilivyoona kwingine, maana ni haraka. Akasema gogo linafanya kazi mpaka mchanga ujae nyuma yake, mvua chache tu, baada ya hapo maji yanaliruka, na watu wa baiskeli wanalikwepa pembeni wanachimba njia nyingine. Tulipodhani tumemaliza alichukua dumu la maji akamwaga taratibu kutokea juu. Maji yakashuka, yakafika kwenye kile kinyanyuko, yakazubaa, nusu yakageuka kwenda bondeni na nusu yakabaki dimbwi dogo mbele ya macho yetu. Kimya. Akainama akaweka vidole viwili kwenye udongo, akasema toeni hiki tu hapa kwenye mlango, msichimbe kingine. Tukatoa. Akamwaga tena, yakatoka yote. Wallahi hamna mtu aliyekumbuka kupiga picha.

Vifaa nitavisema maana navyo vina yake. Kuna kimoja kinaitwa Pulaski, upande mmoja shoka upande mwingine jembe dogo, kizuri sana kwa mizizi, na jina ni la Ed Pulaski, mtu wa idara ya misitu Marekani aliyewaingiza wenzake kwenye handaki la mgodi kuwaokoa na ule moto mkubwa wa mwaka 1910. Kingine ni McLeod, reki ya meno mazito upande mmoja na jembe pana upande wa pili, hiki nacho kilitokana na mtu wa misitu hukohuko, mwaka 1905. Vyote vilikuwa vya kupigania moto, watu wa njia wakaviteka. McLeod ndo kipenzi changu, unakwangua nayo, unasambaza nayo, halafu unaisimamisha unashindilia udongo kwa lile bapa lake. Shida ni kwamba siku niliyoenda wakati wa kiangazi vifaa havikutosha, watu wengi kuliko mipini, na mipini miwili mitatu ilikuwa inacheza kichwani, kitu ambacho kwa shoka si cha kufanyia mzaha. Niliwaambia, wakavitoa pembeni, sawa, lakini vilitakiwa vikaguliwe kabla hatujafika.

Na hapohapo niseme kuhusu msimu. Usiende kiangazi kikali kama una hiari. Udongo mkavu ni vumbi, unachimba unapepea, unashindilia haushiki, siku nzima mnatengeneza kitu ambacho hakijashikana. Nenda siku chache baada ya mvua, udongo ukiwa na unyevu unaokatika vizuri bila kunata kwenye chepe, kazi ya saa moja hapo ni sawa na asubuhi nzima ya vumbi.

Usalama nawapa maksi zote. Kofia ngumu, glavu, miwani, hakuna kubembelezana. Kifaa hakibebwi begani hata siku moja, kinabebwa mkononi kwa chini, upande wa bondeni, ili ukiteleza ukitupe mbali na wewe. Anayechimba anaachiwa nafasi ya kutosha kuzungusha mkono na mpini, na ukitaka kumpita unapaza sauti napita, unasubiri asimame akuangalie, ndo upite. Kuna kaka mmoja alijifanya hajasikia akarudishwa nyuma bila kelele na bila kuaibishwa, nikasema hapa pana watu wazima.

Kingine kizuri, mwanzo wa njia kuna brashi na dawa ya kusafishia soli za viatu. Wengine walilalamika eti ni mbwembwe. Si mbwembwe. Kule New Zealand kuna miti mikubwa ya asili inaitwa kauri, inakufa kwa ugonjwa wa mizizi unaosafiri kwenye udongo, na udongo wenyewe unasafiri kwenye viatu vya watu kama mimi na wewe, ilifika mahali mwaka 2018 msitu wa Waitākere Ranges ukafungwa kwa sehemu kubwa. Sekunde chache za kupiga soli brashi kwangu ni rahisi kuliko msitu kufungwa.

Mchana tukahamia kwenye njia za mkato, na hapa ndo utaijua tabia ya binadamu. Njia rasmi inapiga zigizaga kushuka mlima, watu wanakata kona moja kwa moja, mkato unakuwa korongo. Kufunga mkato watu wanadhani ni kuweka kibao cha USIPITE, kibao ni mapambo. Unaanza kwa kuulegeza ule udongo kwa sururu maana umekuwa mgumu hata mbegu haiingii, unalaza magogo ya kukata mteremko ili udongo usiendelee kukimbia, kisha unajaza majani makavu, mawe, na matawi makavu unayachomeka wima kwenye udongo yasimame kama yameota. Kazi kubwa ni pale mkato unapoanzia na pale unapoishia, mpaka mtu aliyesimama kwenye njia asione kwamba kuna njia nyingine. Katikati huko hata usipopashughulikia sana, asiyeona pa kuingilia hafiki. Tukiwa bado tunachomeka matawi akaja dada mmoja anakimbia mazoezi, akasema samahani jamani, akaruka juu ya gogo letu akashuka na mkato uleule! Tulicheka mpaka basi. Mama yetu hakucheka sana, alisema huyo anatuambia kona ya juu ni ndefu na inachosha, tutaitazama, kwa sababu mkato hauzibiki kama njia yenyewe inawaudhi watu. Mi hiyo naona ni akili kubwa kuliko kugombana na wakimbiaji.

Kukata matawi yaliyoegemea njia nako kupo, ni kazi nyepesi, wazee na wasioweza kuinama wanapewa hiyo. Tawi linakatwa karibu na shina bila kuacha kisiki, kisha linaburutwa mbali lisionekane. Basi.

Sasa malalamiko, maana nyota haikujificha yenyewe. Kujiandikisha ni mateso, fomu ndefu, ukurasa kwenye simu unagoma nusu, ukimaliza hujui kama imeenda mpaka siku mbili kabla ndo unapata ujumbe. Kuna siku wanapokea makundi makubwa ya maofisini, hapo asubuhi inaishia kwenye hotuba na picha ya pamoja, watu sitini kwenye njia nyembamba hawachimbi, wanasimamiana. Ukiona tangazo lenye neno kubwa kama SIKU MAALUM, subiri ya kawaida yenye watu kumi.

Lakini hayo ningeyasamehe. Nilichobania nyota ni hiki, wanahesabu watu waliokuja na masaa waliyofanya, ila hawahesabu kama kazi bado ipo. Niliporudi nilipita makusudi kwenye bonde tulilolitengeneza kwa jasho lile lote, lipo, limekaa vizuri, lakini mlango wa kutokea maji umejaa majani makavu, na nyuma yake dimbwi limeshaanza kurudi. Ni kazi ya chepe moja na dakika tano. Hamna aliyepangiwa. Nikauliza ofisini kwao nikaambiwa watalileta kwenye ratiba ya msimu ujao, msimu ujao jamani, mvua inasubiri ratiba? Nilisafisha mwenyewe kwa mguu na kijiti nikaendelea na safari.

Na si kwamba haiwezekani. Ile njia ya Appalachian huko Marekani, karibu kilomita 3,500, wazo lilitolewa 1921 na ikakamilika 1937, mpaka leo sehemu kubwa ya matunzo inafanywa na watu wa kujitolea kwenye vilabu, na vipande vinagawanywa, mtu au kundi dogo lina kipande chake, anakipitia, anatoa majani kwenye mitaro, anakata mti ulioanguka akiweza, asipoweza anaripoti. Hifadhi yetu ni ndogo mno ukilinganisha. Kuna watu wanapita hizo njia kila siku na mbwa wao, wape kila mmoja kipande na chepe, wawaelekeze siku moja tu ule mlango wa maji unavyosafishwa. Niliwaandikia hili, walinijibu asante kwa maoni.

Kwa hiyo nani aende. Kama una mgongo mbovu sema mapema wakupe kukata matawi. Watoto wakubwa wanaruhusiwa wakiwa na mzazi na kusema kweli ndo wanaochomeka matawi vizuri kuliko sisi. Beba maji yako ya kutosha, ya kwao huisha kabla ya saa sita, na kitu cha kutafuna. Vaa buti ulizozizoea, zile mpya ziache nyumbani. Na mkipanga mstari wa kugawana timu, uliza nani anaongoza timu ya mitaro, nenda huko hata kama rafiki zako wote wamekimbilia kupaka rangi uzio.