Review: kura ya mapema Houston, na huyu hakimu JP mnaemruka kila uchaguzi

Wabongo wa Houston na wote mnaoongea Kiswahili humu kaunti ya Harris, nimeshapiga kura ya mapema, naleta review maana kwenye grupu kila siku mtu anauliza kukoje huko ndani.

Kituo kama kituo nawapa nyota nne. Unatoa leseni ya udereva ya Texas au pasipoti ya Marekani (hata cheti cha uraia chenye picha wanapokea), unapelekwa kwenye mashine unachagua, inakuprintia karatasi unaisoma kwa macho yako afu unaiingiza mwenyewe kwenye skana. Kituo chochote ndani ya kaunti unaruhusiwa, kura inafuata anwani yako. Foleni ilikuwa inatembea na wahudumu wengi ni wazee wastaafu, wapole sana, wanakuita honey mpaka unasahau umekuja kupiga kura. Lugha kuna Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina, Kiswahili hamna, ila mama mmoja mbele yangu aliingia na binti yake akamsaidia kusoma, inaruhusiwa kabisa, msaidizi anakula kiapo tu na asiwe bosi wako wa kazi wala mtu wa chama chako cha wafanyakazi.

Nyota niliyokata ni ya urefu wa ile ballot, yaani orodha ya kura, jamani. Texas majaji karibu wote wanapigiwa kura, wa rufaa, wa wilaya, wa kaunti, majina yanashuka tu, na tangu 2020 ile ya kubonyeza chama mara moja ukamaliza kazi imefutwa kwahiyo ni mmoja mmoja. Watu wakishamaliza rais na seneta wanaanza kubonyeza mbele mbele mbele, na huko chini kabisa ndo kakaa Justice of the Peace, JP, hakimu wa kesi ndogondogo.

Na huyo ndo hakimu utakaekutana nae kweli! Jaji wa Mahakama ya Juu ya Texas hutamuona maisha yako yote, ila ukichelewa kodi ya apatimenti, notisi ya siku tatu inabandikwa mlangoni (labda mkataba wenu useme vingine), mwenye nyumba anafungua kesi, na tarehe inapangwa kati ya siku 10 na 21 mbele ya JP. Usipotokea umeshindwa hapohapo, ukishindwa una siku 5 tu za kukata rufaa. Deposit yako waliyogoma kurudisha, ni kwake. Fundi alieharibu gari, mtu aliekukopa akazima simu, mpaka dola 20,000 unamfungulia kwa JP bila wakili. Tiketi za barabarani za polisi wa kaunti au wa jimbo, kwake. Hata ndoa anafungisha, nawajua waliooana kwake Ijumaa afu Jumamosi wakafanya sherehe ya pilau na ngoma.

Nyumbani hakimu wa mahakama ya mwanzo anaajiriwa kupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama, na lazima awe kasoma sheria. Huku JP si lazima awe mwanasheria! Anashinda kura, afu mwaka wa kwanza anapelekwa mafunzo ya masaa 80, baada ya hapo 20 kila mwaka, na anakaa miaka 4. Mimi hii inanikera bado, japo wapo wasio wanasheria wanaosikiliza vizuri kuliko wenye digrii. Ndo maana namjali anaechaguliwa. Harris ina JP 16 tu, wawili wawili kwenye maeneo 8, kaunti ya watu zaidi ya milioni 4, na sehemu nyingi mshindi anajulikana tokea mchujo wa Machi, ule wa kila chama kuchagua mgombea wake, ambao sisi hatuendi kabisa. Texas huandikishwi chama, unachagua mchujo upi siku hiyohiyo.

Cha kufanya, print sample ballot yako (mfano wa orodha utakayopigia kura) nyumbani, wagombea wako na wa binamu yako apatimenti ya pili wanaweza kuwa tofauti, soma hao wa JP, andika majina kwenye karatasi ya kawaida uingie nayo, maana simu ndani hairuhusiwi wataipiga stop. Na paki nyuma ya jengo, mbele kote kumejaa wapiga debe wa wagombea na vipeperushi vyao.