Msumeno wa mnyororo: upanue ekzosi au unoe meno?
Msumeno mdogo wa nyumbani ukianza kusuasua kwenye gogo, wengi hukimbilia ekzosi. Wanapanua tundu la moshi ili injini ipumue. Nguvu huongezeka kweli, ila hewa nayo huzidi: usipolegeza skrubu ya kabureta kuongeza mafuta, pistoni hupata joto kali na kukwaruza silinda. Hapo injini imekwisha. Kelele nazo hupanda, na ukiondoa kile kichujio cha waya kinachozuia cheche, majani makavu yanaweza kushika moto.

Sasa tazama kinachotoka kwenye mkato. Meno makali hutema maranda, meno butu hutema unga. Piga kila jino tupa ya duara mara zilezile, la sivyo msumeno utavuta upande. Kisha kagua kinundu kilicho mbele ya jino. Kwenye minyororo mingi midogo kinatakiwa kiwe chini ya ncha kwa takriban milimita 0.65. Kikiwa juu mno, jino halili mti hata injini iwe na nguvu kiasi gani. Ukikishusha kupita kiasi, msumeno hurukaruka na unaweza kukurudia usoni.

Mimi huanza na tupa. Ekzosi namwachia anayeweza kurekebisha kabureta kwa kusikiliza mlio wa injini.