Miche ya miwa ya maabara: miezi ishirini shambani kwangu Kasulu

Nalima miwa ya kutafuna bondeni, Kasulu. Mbegu tumezoea kupeana: ukivuna, jirani anachukua miwa yake, anakata vipande vya macho matatu matatu, anafukia. Kumbe tulikuwa tunapeana na ugonjwa. Miwa yangu ilidumaa mwaka hadi mwaka, fupi kana kwamba imekosa maji, na bonde lenyewe halikauki. Majani hayakuonyesha kitu. Bwana shamba wa kata aliupasua mmoja kwa kisu, akanionyesha kwenye fundo: vidoa vyekundu kama vilivyochomwa na ncha ya sindano. "Mzee wangu, hao ni bakteria wanaodumaza, na panga lako ndilo linalowasambaza."

Nikaagiza miche 200 ya maabara. Kule hawapandi vipande. Wanachukua kichomozo cha ndani kabisa cha ncha ya muwa, ambako mirija ya maji wanamokaa bakteria hao haijakomaa, wanakiweka kwenye chupa yenye madini, sukari na homoni. Kinachipua, wanatenganisha, kinachipua tena, mwisho kinaoteshwa mizizi.

Muuzaji hakuniambia neno moja kuhusu kuzoesha miche, na hili limeniuma. Nilipanda 80 siku hiyo hiyo, saa nne asubuhi, juani. Jani la mche uliotoka chupani ni laini kama kitunguu kilichomenywa, halina ile nta ya kuzuia maji yasipotee. Jioni yote yalikuwa yamejikunja. Siku ya tatu, kahawia. Zile 120 nikaziweka chini ya kivuli cha nyasi, nikazifunika nailoni, nikawa naifunua kidogo kila siku kwa wiki tatu. Zilikufa tisa tu.

Jambo la pili: msiione miche hii kuwa na kasoro mkivuna mara ya kwanza. Shina moja nilihesabu miwa 19, lakini myembamba, sokoni wateja waliishika wakairudisha. Nilikata tamaa kabisa. Bwana shamba akasema ndivyo miche ya chupa ilivyo, zao la kwanza ni la mbegu. Nikakata vipande kwa panga nililolichovya kwenye maji yenye Jik kila baada ya shina moja, nikapanda Oktoba.

Pando hilo sasa lina miezi minane. Muwa umejaa kiganja, pingili ndefu, na nimepasua mafundo ya miwa sita bila kuona kidoa hata kimoja. Tangu nianze kulima bonde hili sijapata miwa ya namna hii.

Bei ni kubwa, mche mmoja ulizidi muwa mzima sokoni. Hata hivyo nitaagiza 100 tena kabla ya mvua, ila kwa muuzaji atakayekubali kuikuza mwezi mzima kivulini kwake na kunipa kila mche na udongo wake.