Saa mpya yenye kasoro ndogo: kuirudisha au kuiacha?

Kaka yangu hapa Lubumbashi alinunua saa ya makanika ya bei kubwa. Wiki ya pili akaona chembe nyeupe ya vumbi chini ya kioo, karibu na namba 4, na mkwaruzo mwembamba kama unywele ubavuni mwa kasha. Tangu hapo hatazami saa, anatazama chembe.

Akiirudisha kwa garanti, chembe itaondolewa bure. Mkwaruzo ni habari nyingine: kuung'arisha ni kula chuma, na kingo kali za kasha zikishalainika hazirudi. Tena saa itasafiri nje ya nchi, ikae huko wiki nyingi. Ikifunguliwa, lazima mpira wa kuzuia maji ukaguliwe na saa ipimwe upya kwa mgandamizo.

Akiiacha, hapotezi kitu, mradi chembe haitembei. Ikihama, inaweza kuingia kwenye mashine. Ukungu ndani ya kioo nao haungojwi hata siku moja. Mwendo pia aupime: saa yenye cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, huruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku, basi sekunde 3 si ugonjwa.

Mimi nilimwambia: iache, lakini piga picha leo na umwandikie muuzaji, garanti isije ikaisha kimya. Na tafadhali, kaka, usiifungulishe mezani kando ya barabara, kiangazi hiki chenye vumbi jekundu. Chembe moja itazaa kumi.